Siku Tano za Majivu

Siku ya pili ya kilio cha Paluku, pale kwake mtaani Vulamba, Butembo, mjane wake Kavugho alininyoshea kidole mbele ya watoto wake wote na kusema: «Mumuulize huyu. Yeye njo alifungishaka baba yenu, na yeye njo alimutoshaka.» Watu wakacheka vile tunachekaka kwenye kilio, mkono ukiwa mdomoni. Mimi sikucheka. Kavugho hakuwa amenikosea. Ila tangu mwaka ule sijapata kujua kama sehemu ya kwanza ya maneno yake, kwamba nilimfungisha, ni kweli, wala kama ya pili, kwamba nilimtoa, ni kweli. Niliporudi nyumbani nilitafuta daftari langu la wakati ule, maana nilikuwa nikiandika kila siku hata kama sikuwa na la kuandika, na kwa wiki ile nilikuta tu: «Ijumaa, wameanza,» na mbele kidogo: «Bado.» Yaliyobaki yote yanatoka kichwani mwangu. Nilisoma miaka miwili tu ya sekondari na sina hakika na mambo mengi. Pale nitakapokosea, Kavugho yuko hai, atanisahihisha, na atafanya hivyo kwa sauti kubwa.

Radio yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la sabuni, katikati ya Butembo. Ukutani tulibandika vibeba mayai vya karatasi ili sauti isirudi, na harufu ya sabuni ilikuwa kali mpaka watu waliokuja kutangaza mazishi walitoka wakipiga chafya. Mimi nilisoma matangazo: nani amekufa, mbuzi wa nani amepotea, kwaya gani inakutana wapi. Paluku alitengeneza mashine. Yeye na Kavugho walikuwa wamekaa miaka mingi Kasese, ng'ambo ya mpaka wa Uganda, wakiuza vitenge, na walirudi na Kiingereza cha soko pamoja na radio ya mawimbi mafupi ambayo Paluku aliifunga waya mpaka juu ya bati. Ulikuwa mwaka vita ya pili ya Kongo ilipoanza. Waasi na askari wa Uganda walikuwa wameshika Beni na Butembo, na sisi wa radio tulipewa amri ya kwanza: habari za vita, hapana. Amri ya pili ilikuja baada ya mechi ya mpira kati ya Butembo na Beni iliyoisha kwa risasi hewani, kwa sababu kila ekipe ilikuwa na askari wake wa kuishangilia: mpira wa hapa, nao hapana. Basi kipindi cha michezo cha siku ya Mungu, yaani Jumapili, kikabaki kitupu. Tulikuwa tunakula pale pale studio, baada ya misa, bugali na mboga ya sombe ya Kavugho katika sahani moja, Paluku akasema huku anatafuna: «Kaka, niko na muchezo moja hapa. Hata muasi moja hana ekipe mule.»

Ilikuwa kriketi. Waingereza walikuwa wanasafiri kwenda kwa Waaustralia, mahasimu wao wa tangu zamani, kucheza mechi tano, na kila mechi ni ya siku tano. Mwezi mzima kabla ya mechi ya kwanza, kila siku ya Mungu, tulielezea watu wa Butembo mambo yatakayokuwa. Paluku alisikiliza Waingereza wenyewe wakibishana kwenye mawimbi, akatafsiri. Mimi niliuliza maswali ya mtu asiyejua, na sikuhitaji kuigiza. Nani ana mikono ya haraka, nani amezeeka, nani ana goti baya. Na wanachogombania ni nini? Kikopo kidogo cha majivu. Hapo simu hazikuwepo, lakini watu walikuja mpaka mlangoni. Mama mmoja wa soko aliuliza ni majivu ya nani, na tulipomwambia ni ya kijiti cha mchezo alisema: «Basi siyo kitu, nilifikiri ni mutu.» Wafanyabiashara wa kahawa walichagua Waingereza, kwa sababu walikuwa na jamaa Uganda. Vijana wa Vulamba wakawa Waaustralia, sijui kwa nini, labda tu kwa sababu wale wa kahawa walikuwa upande wa pili. Ulikuwa mwaka wa kungoja: tulingoja njia ifunguke, tulingoja mishahara, tulingoja usiku upite, na mambo hayo yote hayakuwa na siku yake. Huu mchezo ulikuwa na siku. Leo nadhani watu walipenda hilo tu.

Paluku alikuwa Mwaustralia, na hakuficha. Mimi niliona si vizuri. Mtu wa Waingereza naye amekaa mbele ya radio yake, amenunua mabetri kama wengine. Nikawa napima maneno, huyu akisifiwa na yule asifiwe. Siku ya Mungu ya mwisho kabla ya mechi, Paluku alipanga yote kama mtu anayepanga ukuta: kwamba wanaanza Ijumaa, kwamba mwanzoni uwanja utakuwa mgumu na watupaji wa haraka watashambulia, kwamba baada ya siku ya tatu udongo utapasuka na hapo watatumwa wale wa kuzungusha, na kwamba Jumanne Waaustralia watakuwa wamemaliza kazi. Nikavuta mikrofoni upande wangu. Nikasema: «Lakini kwa haki ya pande zote, tuseme pia kwamba inawezekana siku tano ziishe na mushindi asipatikane.» Paluku akanikanyaga mguu chini ya meza.

Kesho yake asubuhi askari waliingia na viatu vya matope, wakachukua Paluku. Mimi nilikuwa nimesimama pale na karatasi ya matangazo ya vifo mkononi. Mmoja wao aliniuliza: «Weye njo unasemaka juu ya mbuzi?» Nikasema ndiyo. Akasema: «Bakia na mbuzi zako.» Nimejiuliza miaka yote kama ningeweza kusema kitu kingine. Paluku alipandishwa kwenye gari na kupelekwa Beni.

Siku ya tatu yake Kavugho alipata nafasi kwenye lori la viazi, na mimi nikapanda pamoja naye juu ya magunia. Hakunisemesha mpaka barrière ya kwanza, kizuizi cha barabarani. Pale askari alimuuliza anaenda kufanya nini Beni, akajibu: «Naenda kumuona bwana yangu. Huyu hapa ni wa kueleza.» Wa kueleza ndiye mimi. Tulifikia Beu, mtaa mmoja wa Beni, kwa dada yake mdogo Soki, katika nyumba ya vyumba viwili ambapo kimoja kilikuwa na magunia ya makala, yaani mkaa, na kingine kilikuwa na sisi wote. Nilipewa mkeka kando ya makala. Soki alikuwa Mkatoliki wa rozari kila jioni. Jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa Mprotestanti wa kuimba kila asubuhi. Kati yao sikuona nafasi ya mtu kukosa kusali.

Komanda wa askari waliomchukua Paluku alitupokea siku ya Alhamisi. Simtaji jina, wala sikumbuki kama tuliwahi kuambiwa. Ofisi yake ilikuwa nyumba ya zamani ya kununulia kahawa, na mizani kubwa bado ilikuwa mlangoni. Nje, malori yalikuwa yamepangwa mstari mmoja na vijana walikuwa wanapakia mapipa ya mafuta. Nataka niseme bila kumwongezea wala kumpunguzia: hakunipiga, hakunitukana, na alipoletewa chai aliagiza Kavugho naye apewe kikombe.

«Fanda,» akasema kwa Lingala, nikaketi. «Nani alikuambia Ijumaa?»

«Baaustralia, Komanda. Bao njo baliweka siku.»

«Beko wapi, bale Baaustralia?»

«Kwabo. Ng'ambo ya bahari, mbali sana.»

«Banajua Beni?»

«Sifikiri, Komanda.»

Akageuka akatazama malori kupitia dirishani, na mimi pia nikatazama, na hapo tu nikafahamu kwamba hata kwake kuna kitu kilichokuwa kinaanza Ijumaa. Nikaanza kueleza. Nilichukua vijiti vitatu vya kiberiti nikavisimamisha ndani ya mkate wake, nikasema hivi ndivyo mtu anavilinda. Nikachukua kijiko, nikasema hiki ndicho anachopigia. Nikachukua kipande cha sukari, nikasema huu ndio mpira. Yeye alinitazama kama mtu anayetazama nyoka akivuka njia.

«Anapiga mpaka wakati gani?»

«Mpaka atoshwe inje.»

«Na kama hatoshwi?»

«Anaendelea.»

«Hata siku mbili?»

«Hata mbili, Komanda. Kiisha banasimama kidogo banakunywa chai.»

«Katikati ya muchezo?»

«Chai iko mu sheria.»

Mlinzi wa mlangoni akacheka, akajikohoza. Komanda hakucheka. «Siku tano. Chai iko mu sheria. Kiisha banaweza kurudi nyumbani bila mushindi. Na banapigania nini?»

Nilikuwa naomba asiulize hilo. «Majivu, Komanda.»

Kavugho akafumba macho.

«Sikia,» Komanda akasema, na sauti yake ilishuka, haikupanda. «Miye niko na batoto ya batu ku njia. Mutu moja akijua siku, akisema ku radio siku gani tunaanza, siku gani tunavunja, siku gani tunamaliza, bale batoto banakufa. Unaelewa?» Nilielewa. Hata leo, nikijiweka kwenye kiti chake, sijui kama ningemwamini mtu mwenye kijiko na vijiti vya kiberiti. «Ule mwingine alisema bamoja batashinda. Weye njo ulisema inawezekana mushindi akose. Ni weye, hapana?»

«Ni miye.»

«Basi, iwezekane. Bacheze siku tano yote na mushindi akose, miye nitaamini kama batu ba vile beko mu dunia. Bakimaliza mbele ya siku tano, ao bamoja bakishinda, Paluku anapanda ndege ya Mercredi ku Mavivi.»

Kila mtu wa Beni alijua ndege ya Mercredi, ile ya Jumatano. Watu walipandishwa pale uwanja wa ndege wa Mavivi mikono imefungwa, wakapelekwa magharibi. Siandiki kwamba walikufa. Naandika tu kwamba sikuwahi kukutana na aliyerudi.

«Komanda,» nikasema, «ile siyo haki. Nilisema inawezekana, sikusema itakuwa.»

«Haki?» akasema. «Bibi yake amekunywa chai yangu. Haki njo ile.» Na akasimama.

Basi tulikaa Beu siku tano, na sijui kama hata mtu mmoja Uingereza alisikiliza mechi ile kama sisi. Kule kwa Waaustralia ni mchana wakati sisi tumelala, kwa hiyo asubuhi tulikuta wamekwisha cheza siku nzima. Soki alianika mabetri kwenye bati ili yapate nguvu kidogo, na Kavugho alikaa na radio ndogo ya Soki magotini, sikio limebanwa kwenye kitambaa chake, akitutafsiria mchezo aliouchukia. Ijumaa Waaustralia walipiga kwanza. Jumamosi walikuwa bado wanapiga. Soki aliuliza kutoka jikoni: «Mushindi amepatikana?» Kavugho akasema: «Bado.» Soki akasema: «Mungu asifiwe,» akaendelea kukoroga uji. Jirani Mprotestanti alisikia kwamba tunasali mechi ikose mshindi, akaja kusimama mlangoni kutuambia kwamba Mungu hawezi kusumbuliwa kwa ajili ya mchezo. Kavugho alimjibu: «Mama, tunamusumbua kwa ajili ya Paluku. Muchezo ni wake Mungu mwenyewe, aupange vile anataka.» Yule mama akarudi kwake, na baadaye kupitia ukuta tulisikia anaimba, na katikati ya wimbo akataja jina la Paluku.

Kila siku saa sita Kavugho alipeleka chakula kwenye mlango wa kambi ya askari alimofungwa Paluku. Hakuruhusiwa kuingia, sahani iliingia, sahani ilitoka, na alikuwa anaisoma sahani ile. Siku ya kwanza ilirudi tupu. Siku ya pili bugali ilirudi na alama ya meno upande mmoja, nyama haikuguswa, mchuzi umekwisha. Aliishika mbele yangu niione, na kuanzia pale alimpikia uji tu. Malori yalikuwa yameondoka Ijumaa kama yalivyopangwa. Mawili yalirudi mbio Jumapili yakielekea hospitali, na tuliposikia honi zake tuliacha kula, maana tulijua kwamba kama vijana wale wamevamiwa njiani, hapatahitajika mechi yoyote. Mpaka leo sijui kilichotokea huko. Hatukuitwa, na nikachukua hilo kama jambo jema.

Sikuweza kukaa. Nilitembea kutoka Beu mpaka soko, kutoka soko mpaka kambi, nikarudi. Ilikuwa Novemba, na kila alasiri mvua ya Beni ilianguka kwenye bati mpaka hatukusikizana, mvua nzuri ya kutosha kusimamisha mchezo wowote duniani, na ilianguka mahali pasipohitajika. Jambo lililonisumbua zaidi nikiwa natembea ni hili: mwezi mzima nilijitahidi nisiwe wa upande wowote, na sasa nilitaka Waingereza wasianguke kama vile wamezaliwa na mama yangu. Wakati huo huo nilijua kwamba yule aliye ndani, ambaye kwa ajili yake nilitaka Waingereza wasianguke, yeye mwenyewe anawatakia washindwe.

Jumatatu asubuhi Kavugho alitoa sikio kwenye radio akaiweka chini. Waaustralia walikuwa wameweka mlima wa alama mbele ya Waingereza, na ilibaki siku moja ya kuwaangusha wote kumi. «Mutangazaji anasema kesho Baaustralia banashinda,» akasema, «kama hali ya hewa inaruhusu.»

«Kama nini?»

«Hali ya hewa.»

Soki akachukua rozari yake hata kabla ya kuosha vyombo.

Jumanne Komanda alituita mapema. Alikuwa na radio yake kubwa mezani, na alikuwa ametafuta mwalimu wa Kiingereza wa hapo mjini ili Kavugho asije akamdanganya. Hilo pia naliona lilikuwa sawa. Mwalimu alikuwa na jasho kuliko sisi. Tulisikia habari za dunia nzima kwanza. Ilipofika michezo, sauti ikaanza kupotea na kurudi, kama mtu anayeongea huku mlango unafungwa na kufunguliwa. Mwalimu akatafsiri kipande kwa kipande: Waingereza sita wameanguka. Wamebaki wanne. Kavugho alishika ukingo wa meza. Halafu mwalimu akainamisha kichwa kwenye radio, akasema: «Banasema mbingu imekuwa nyeusi. Radi. Bachezaji bamekimbia.»

«Bamekimbia wapi?» Komanda akauliza.

«Mu nyumba, Komanda. Mvua.»

Tukangoja. Chai ililetwa, hakuna aliyeinywa. Habari ziliposomwa tena, sauti ilikuwa safi, na Kavugho alielewa kabla ya mwalimu, kwa sababu nilimuona anaachia meza. «Imeisha,» mwalimu akasema. «Siku ya tano imeisha. Mushindi hapana.»

«Sema tena.»

«Mushindi hapana, Komanda. Mvua haikuacha.»

Komanda akazima radio. «Banaume bazima,» akasema, «banapigana siku tano, kiisha banakimbia mvua.» Akatikisa kichwa, na uso wake haukuwa wa hasira, ulikuwa uso wa mtu aliyechoka, ambaye hakulala tangu Ijumaa. «Lete ule mutu,» akamwambia mlinzi. «Na mutoke hapa mbele sijabadilisha mawazo.»

Paluku alitoka akiwa ameshika ukuta. Shavu moja lilikuwa limevimba na mdomo ulikuwa umepasuka. Kavugho alimshika kiuno, na kitu cha kwanza Paluku alichosema, pale uani, askari wakisikia, kilikuwa: «Nani alishinda?»

«Hapana mutu,» nikasema. «Mvua.»

«Bangereza balibaki bangapi?»

«Banne.»

«Banne!» akasema, na damu ikatoka mdomoni. «Banne tu! Ile ni mechi ya Baaustralia. Baliiba.»

Tulipata lori lililokuwa linarudi Butembo tupu, tukakaa chini kwenye mbao. Mpaka kijiji cha Maboya Paluku aliendelea, kwa mdomo ule mbovu, kwamba mvua si mchezaji, kwamba ilibaki kazi ya saa moja tu, kwamba hata mtoto angewamaliza wale wanne. Kavugho alivumilia, akavumilia, kisha akapiga ubao kwa mkono: «Ile mvua njo ilikutosha mule ndani, weye mujinga! Ulipashwa kuwa ku ndege kesho!»

«Minajua,» akasema. «Balinielezea mule ndani. Kila asubuhi balikuwa bananielezea.» Akanigeukia. «Lakini weye, Kasereka, weye mutu wa haki. Sema. Bila mvua?»

Nilimtazama Kavugho, na yeye alikuwa ananitazama. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema inawezekana.

«Bila mvua,» nikasema, «Baaustralia balikuwa banashinda.»

Hapo ndipo Kavugho alipoanza kulia, mara ya kwanza tangu wamchukue bwana yake, na hakujificha uso. Paluku akasogea karibu naye juu ya zile mbao, na hakutaja tena Waaustralia mpaka tulipofika Butembo.